Mwenye nyumba kafariki, mpangaji hatoki: kosa liko wapi?

Ukisikia familia imehangaika miezi minane kumtoa mpangaji wa marehemu baba yao, usianze kumlaumu mpangaji. Waombe kwanza wafungue bahasha. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma (si wakili), na katika miaka ya kuwaandikia watu barua na maombi nimegundua kwamba kinachokwamisha mara nyingi hakiko chumbani kwa mpangaji. Kimo ndani ya bahasha ya kaki waliyokuja nayo wenyewe.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, ujue chanzo chake, urekebishe hapo hapo. Ukiruka utarudishwa, tena ukiwa umeshalipa ada na nauli za watu.

Kwanza kabisa: huyo mtu muda wake umekwisha?

Kifo cha mwenye nyumba hakiui mkataba wa upangaji. Nyumba inaingia kwenye mirathi pamoja na mpangaji aliyemo, kama shamba la zabibu linavyorithiwa likiwa na mizabibu yake. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 vyumba vimekuwa vya kugombewa, na wenye nyumba wengi wa Ipagala, Ilazo hadi Nzuguni huchukua kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Mzee anaweza kupokea kodi ya mwaka mzima Februari, akafariki Aprili. Mpangaji huyo yumo kihalali mpaka mwisho wa Januari. Kwamba hela hamkuziona ninyi, hilo halimhusu. Ziulizwe kwenye hesabu za mirathi.

Kama mkataba uliisha na akaendelea kulipa mwezi kwa mwezi huku mzee akipokea, hapo kuna upangaji wa vipindi. Unavunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe cha kodi, inayoishia siku ya kulipa. Kodi ni ya mwezi, notisi ni ya mwezi. Notisi ya siku saba iliyoandikwa na kaka mkubwa kwa hasira jioni ya arobaini ni karatasi tu.

Vilevile soma hati. Ikiwa nyumba iliandikwa kwa majina ya mume na mke kama wamiliki wa pamoja wasio na mafungu, mmoja akifariki haki yote inabaki kwa aliyebaki. Mama huyo hahitaji mirathi ili kumdai mpangaji. Anahitaji cheti cha kifo na hati yake. Nimeona familia ikizunguka mwaka mzima kutafuta usimamizi wa nyumba ambayo mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni.

Na kwa kuwa tumemtaja mama: mjane si mpangaji. Kama "mpangaji" unayetaka kumtoa ni mke wa marehemu aliyekuwa akiishi mle na mumewe, funga ukurasa huu. Hilo ni jambo jingine, lina mlango wake.

Dalili: masijala ya Baraza la Ardhi na Nyumba imekataa kupokea maombi yenu

Hii ndiyo inayoongoza. Siku moja nilikuwa nimesimama nyuma ya familia iliyotoka Chang'ombe. Mtoto wa kwanza wa marehemu akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: "Sisi wanaukoo tumekaa leo na kumteua…", majina kumi na moja chini, saba yakiwa na dole gumba la wino wa zambarau, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa juu yake. Karani akaigeuza nyuma, kana kwamba anachokitafuta kiko upande ule. Kisha akauliza kwa upole tu: "Kaka, Fomu namba nne iko wapi?"

Yule kaka akajibu, "Hiyo si ndiyo yenyewe?"

Siyo. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni pendekezo. Unaiambia mahakama kwamba ndugu wamekubaliana nani aombe usimamizi, na unasaidia sana pingamizi lisizuke. Mamlaka ya kumsemea marehemu haitoki kikaoni, inatoka mahakamani. Mwenyekiti wa mtaa akigonga muhuri anathibitisha kuwa kikao kilikaa, hampi mtu cheo.

Njia yenyewe ni hii. Kifo kisajiliwe na cheti kitolewe na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na mkichelewa mtaongezewa safari. Mkiwa na cheti hicho na muhtasari, nendeni mahakamani. Ikiwa mambo ya marehemu yanatawaliwa na mila au sheria ya Kiislamu na makazi yake ya kudumu yalikuwa hapa, Mahakama ya Mwanzo inatosha: mwombaji anajaza Fomu namba I, tangazo linabandikwa, muda wa kupinga ukipita bila mtu kujitokeza anapewa barua ya usimamizi, ndiyo hiyo Fomu namba IV. Kama marehemu aliishi maisha ya Kikristo yasiyoongozwa na mila, au aliacha wosia wa aina hiyo, shauri linakwenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Chagueni vizuri mwanzoni, maana wakili wa mpangaji akinusa kwamba mahakama haikuwa yake, ataishika hoja hiyo hata kama haimpi chumba.

Hata hivyo msitishike kupita kiasi. Barua ya usimamizi ikishatolewa inasimama mpaka mahakama yenye uwezo iitengue. Mpangaji hawezi kuitengua Barazani kwa kusema tu kwamba shangazi hakushirikishwa.

Sasa kosa dogo linalowarudisha hata wenye Fomu namba IV: jina la mdai. Maombi yasiandikwe kwa jina la marehemu, kwa sababu maiti hashtaki, na shauri lililofunguliwa kwa jina lake ni batili tangu siku ya kwanza. Yasiandikwe pia kwa jina lako tupu, kana kwamba nyumba ni yako. Andika jina lako na, palepale, "msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani". Maneno hayo machache yameangusha mashauri mengi kuliko unavyodhani. Mkipewa usimamizi wawili, mtajwe wote wawili.

Halafu kuna wale wanaorudi Mahakama ya Mwanzo iliyowapa usimamizi na kuomba imtoe mpangaji. Hakimu wa mirathi anashughulika na warithi, mali na madeni ya marehemu. Kumwondoa mtu nyumbani ni mgogoro wa ardhi na nyumba, na mlango wake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kusikiliza madai ya kurejeshewa nyumba au kiwanja ambacho thamani yake haizidi shilingi milioni 300. Pitia kwanza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kata haiamui tena, inasuluhisha tu. Ikishindwa inakupa cheti cha kusema imeshindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda mbele bila hicho cheti. Msiidharau Kata. Nimeona mpangaji aliyegoma miezi mitano akikubali kutoka baada ya wazee wa pale kumuuliza mbele ya watu, "Wewe kijana, ungekuwa ni baba yako?"

Dalili: mliyemtegemea alikuwa na "uwakili" wa marehemu

Mpwa wa marehemu alikuwa akisimamia nyumba, anakusanya kodi, ana hati ya uwakili iliyothibitishwa vizuri kabisa. Baada ya msiba anaendelea kutoa notisi, na mpangaji anazikataa. Mpangaji yuko sahihi. Uwakili hufa na aliyeutoa. Tangu siku ya kifo mpwa hana anachowakilisha, hata kama hati imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Arudishe funguo na daftari la kodi kwa msimamizi. Wakimtaka yeye ndiye aendelee, ateuliwe kikaoni na aombe usimamizi kama mtu mwingine yeyote.

Dalili: kesi ilikuwa inaendelea, mzee akafariki katikati

Hesabuni siku. Msimamizi ana siku 90 tangu kifo za kuomba aingizwe kwenye shauri badala ya marehemu. Zikipita kimya, shauri linakufa. Kulifufua kunawezekana kwa maombi yenye sababu ya kueleweka, lakini "tulikuwa kwenye msiba" haifiki mbali miezi saba baadaye.

Ugumu ni kwamba siku 90 zinakimbia huku usimamizi wenyewe bado unashughulikiwa. Kwa hiyo msinyamaze. Tarehe ya kesi ikifika, mmoja wenu aende na cheti cha kifo aliarifu Baraza kwamba mdai amefariki na maombi ya usimamizi yameshafunguliwa, ataje na namba ya shauri la mirathi. Hilo halisimamishi saa, ila linabaki kwenye jalada, na siku mtakayohitaji kueleza kuchelewa kwenu litawasemea.

Kama ushahidi ulishafungwa na ilibaki hukumu tu, pumueni. Kifo kinachotokea kati ya mwisho wa usikilizaji na hukumu hakiui shauri, na hukumu ikisomwa ina nguvu ile ile.

Upande wa pili: mpangaji naye akifariki, hamuwezi kuendelea na jina lake. Mtafute anayesimamia mirathi yake. Wakikaa wajane na watoto mle ndani, zungumzeni kwanza.

Dalili: hukumu mnayo, muhuri upo, lakini haitekelezeki

Hapa ndipo watu wanapolia kweli. Mzee alishinda akiwa hai. Tuzo, yaani amri inayotokana na hukumu, inasema mpangaji aondoke na alipe malimbikizo. Mzee akafariki kabla ya kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe. Watoto wanaichukua ile karatasi, wanampa dalali wa mahakama, dalali anasema hawezi. Wanamtafuta dalali mwingine.

Chanzo ni kwamba mshinda tuzo ndiye aliyeandikwa kwenye tuzo, na aliyeandikwa hayupo. Haki yake haijafa. Imehamia kwa msimamizi kwa nguvu ya sheria. Lakini Baraza halijui hivyo mpaka liambiwe rasmi.

Habari njema ni kwamba zile siku 90 za kesi inayoendelea hazigusi hatua ya kukazia hukumu. Shauri halifi tena hapa. Kikomo cha kuomba utekelezaji ni miaka 12 tangu tuzo. Kwa hiyo mama mmoja wa kata ya Kikuyu hapa Dodoma aliyeambiwa na jirani yake kwamba "hukumu ya baba imeoza" baada ya miaka mitatu alidanganywa. Hukumu ilikuwa nzima; ilikosa mtu wa kuishika.

Fanya hivi. Chukua nakala iliyothibitishwa ya hukumu na tuzo. Cheti cha kifo. Fomu namba IV, au barua ya usimamizi ya mahakama iliyoitoa. Kiapo kifupi kinachoeleza nani alishinda, lini alifariki, nani ni msimamizi, nini hakijatekelezwa. Peleka kwenye Baraza lile lile lililotoa tuzo, chini ya namba ile ile ya shauri, ukiomba utambuliwe badala ya marehemu na hukumu ikaziwe. Uliza masijala kama wanataka hayo kwa maombi mawili au moja, usikisie. Ada inalipwa kwa namba ya malipo wanayokupa, na risiti ibaki kwako.

Kama mwaka umepita tangu tuzo, mpangaji ataitwa aeleze kwa nini hukumu isikaziwe. Familia nyingi zikiona wito huo zinadhani kesi imeanza upya na zinaanza kutafuta mashahidi. Haijaanza. Anaulizwa kuhusu utekelezaji tu: ameshalipa? Walipatana nje? Msimamizi ni wa kweli? Hawezi kurudi kubishia kama alikuwa mpangaji.

Baraza likiridhika linampa mpangaji amri ya kutii ndani ya siku 14 tangu aipokee. Akikaidi ndipo dalali wa mahakama anapoteuliwa. Siku hizo 14 zinaudhi, lakini nimeona wapangaji wengi wakihama siku ya kumi na mbili au ya kumi na tatu, usiku, kwa guta. Kelele zote zilizotangulia zilikuwa za kupima kama ninyi mnajua njia.

Kosa la kuepuka kuliko yote katika sehemu hii: kukazia hukumu kwa jina la marehemu kana kwamba yu hai, kwa sababu "Barazani hawajui". Familia moja niliyoifahamu ilifanya hivyo. Fomu ilisainiwa na mtoto kwa jina la baba. Amri ikatoka, dalali akalipwa, mpangaji akatolewa, na wiki iliyofuata wakili wake akapeleka cheti cha kifo chenye tarehe ya miezi minne kabla ya saini. Amri ikafutwa, mpangaji akarudishwa ndani, dalali hakurudisha hata shilingi, na aliyesaini akaanza kuulizwa maswali ya kughushi.

Dalili: mpangaji anasema analipa, na risiti anazo

Mpangaji wa fremu maeneo ya Sabasaba alinimwagia mezani mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na risiti za umeme wa LUKU zilizofifia, na karatasi tatu za kodi za mwezi mmoja, mwandiko tofauti kila moja. Moja ya mtoto mkubwa, moja ya mke mdogo, moja ya shemeji. "Mama," akaniambia, "mimi nimewalipa wote watatu. Sasa wa nne ndiye anataka nitoke."

Ukimwangalia kwa haki, huyu si mkaidi. Familia ndiyo iliyogawanyika, naye anatafuta pa kusimama. Na kisheria mmejiumiza: msimamizi aliyepata barua Juni akikuta mtu wa familia ameendelea kupokea kodi ya Julai hadi Septemba kwa niaba yake au huku yeye anajua, notisi yake ya Juni imelegea. Mpangaji atasema upangaji umeendelea kwa ridhaa, na hoja hiyo itasikilizwa.

Rekebisheni nyumbani kwanza. Msimamizi aandike barua moja kwa wapangaji wote: mimi ndiye msimamizi, nakala ya barua ya mahakama hii hapa, kuanzia tarehe fulani kodi ilipwe kwenye akaunti hii, malipo kwa mtu mwingine hayatatambuliwa. Mpangaji asaini nakala. Akikataa, mjumbe wa shina au mtendaji wa mtaa ashuhudie kwamba alipelekewa. Akaunti iwe ya mirathi, isiwe ya simu ya mtu, kwa sababu kodi hiyo lazima ionekane kwenye hesabu. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni, Fomu namba V, ndani ya miezi minne. Yule wa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu ana miezi sita ya orodha na mwaka mmoja wa hesabu. Ndugu waliokwishakusanya wanadaiwa na mirathi, si na mpangaji.

Kama unataka atoke, usipokee kodi ya muda ulio baada ya mwisho wa notisi. Akituma kwa nguvu kwenye simu, irudishe au andika siku hiyo hiyo kwamba unaipokea kama fidia ya kukaa bila haki. Malimbikizo ya nyuma yanadaiwa hata yakiwa ya kabla ya kifo, mradi miaka sita haijapita.

Dalili: amegeuka, anasema marehemu alimuuzia

Hii huja baada ya matanga, mara chache kabla. Mwambie aonyeshe maandishi. Mauziano ya ardhi yenye hati hayashikiki kwa maneno matupu. Yanahitaji mkataba wa maandishi au angalau kumbukumbu iliyosainiwa. Halafu kuna kanuni ya ushahidi inayowasaidia sana na ambayo wengi hawaijui: aliyeingia nyumbani kama mpangaji wa mtu haruhusiwi, upangaji ukiwa unaendelea, kugeuka na kudai kwamba mtu yule hakuwa na haki na nyumba tangu mwanzo. Kwa hiyo mkataba wa zamani wa upangaji wenye saini yake una thamani kuliko mabishano ya mpaka wa kiwanja. Utafuteni. Mara nyingi umo kwenye Biblia au msahafu wa mzee, au nyuma ya picha ya harusi.

Wengine huleta risiti za LUKU, wakisema tangu 2021 wanalipa kodi ya jengo kupitia umeme, kwa hiyo nyumba ni yao. Kodi hiyo inakatwa kwa yeyote anayenunua umeme wa mita ile. Haimpi mtu nyumba.

Dalili: majina hayafanani

Kwenye hati mzee ni jina moja, kwenye cheti cha kifo ni jingine, mkataba wa upangaji unamwita Babu fulani. Kiapo cha majina, kinacholetwa na mtu aliyemjua marehemu kwa yote mawili, mara nyingi kinamaliza.

Dodoma tuna ugonjwa wetu wa ziada. Viwanja vingi vya mjini vilitolewa na CDA, mamlaka iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, ikiwa inatoa umiliki wa miaka 33. Mzee alinunua Makole au Area C kwa mtu, akabaki na barua ya toleo yenye jina la yule muuzaji, hakubadilisha mpaka anafariki. Kwa kumtoa mpangaji, hilo haliui madai yenu. Leteni mkataba wa mauziano na ule wa upangaji. Lakini msimamizi asikae hapo. Nyaraka hizo sasa ziko Jiji, na hati ikishapatikana, apeleke barua ya usimamizi kwa Msajili wa Hati aandikishwe badala ya marehemu. Mpangaji anayefuata hatakuwa na pa kuingilia.

Dalili: mlikuwa walalamikaji, sasa ni walalamikiwa

Ndugu walichoka, wakaezua mabati. Tena Januari, mvua ikiwa imeanza. Au walitoa mlango, au waling'oa mita, au walimwaga mchanga mbele ya fremu. Kesho yake mpangaji yuko Barazani na picha za godoro lililolowa, anapata amri ya zuio, na sasa hamumgusi mpaka shauri lake liishe. Hata akiwa anadaiwa mwaka mzima, kumtoa kwa mikono yenu kunampa yeye kesi. Dawa ni kurudisha bati haraka, kabla ya tarehe ya kwanza, na kufika mkiwa mmesharudisha. Msiende kubishana kama mvua ilinyesha.

Dalili: dalali amefika, kamkuta mtu mwingine ndani

Mpangaji amehama kimya na kumwacha shemeji yake, au amempangisha mtu. Aliyeingia kwa mgongo wa mpangaji anafungwa na tuzo ile ile, anatoka naye. Akiwa na madai yake mwenyewe juu ya nyumba, ana haki ya kuleta pingamizi Barazani, na litasikilizwa kwanza. Ndiyo maana mwombe dalali apite kimya siku chache kabla, aone nani analala mle.

Na aliyetolewa akirudi wiki mbili baadaye kwa kuvunja kufuli, mwende polisi kwa jinai ya kuingia, na urudi kwenye jalada lile lile la utekelezaji. Usifungue shauri jipya. Hapo kitakachowabeba ni karatasi ya makabidhiano ya siku ya kumtoa. Ile ya mama wa Kikuyu niliiona ikiandikwa juu ya boneti ya gari la dalali, upepo ukitaka kuinyakua, mjumbe wa shina ameishika kwa kiwiko: vitanda viwili, jiko la gesi, kabati bila kioo, ndoo tatu. Tarehe na saa. Dalali, mama, mjumbe, askari. Chini kabisa mama akaomba iongezwe namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki, 4.7, kisha akafunga kufuli lake jipya na kulivuta mara mbili.